Usikitupe chuma hicho, huenda ni shingo ya twiga

IKIWA umewahi kusafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, basi Makueni umepita, hata kama ulikuwa usingizini. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zote zimo njiani. Basi linaposimama abiria wanyooshe miguu, wengi hukimbilia machungwa na maembe. Ni wachache wanaotupa macho nyuma ya vibanda, kwenye gereji zilizojaa mafuta meusi, ambako springi za malori, giaboksi zilizopasuka, rimu zilizopinda na minyororo iliyokatika hurundikwa hadi nyasi zikaota katikati yake.

Mpita njia huona takataka. Mwenye mizani ya vyuma kuukuu huona kilo. Lakini yuko mtu wa aina nyingine ambaye hutazama springi ile ile akaona ubavu wa kifaru, akatazama mnyororo wa baiskeli akaona singa za punda milia, na akatazama wembe wa plau iliyochakaa akaona bawa la tai. Mtu huyo ndiye msanii wa vyuma, na makala haya yanahusu kazi yake.

Huenda ukauliza, kwa nini Kitui na Makueni? Jibu ni kwamba ni nadra kupata mahali palipojaliwa mambo matatu kwa pamoja: mikono iliyozoea kuchonga, vyuma vilivyotupwa kando ya njia kuu, na wanyama wa porini wa kutazama na kuiga. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuyaunganisha. Na kabla hujakimbilia kununua mashine ya kuchomelea, kuna swali moja ambalo kila anayeingia katika sanaa hii sharti alijibu: chuma hiki kimetoka wapi? Tutalifikia.

MKONO ULIOZOEA MTI

Ukitaja Ukambani na sanaa, watu wengi hufikiria vinyago vya mti. Asili ya vinyago hivyo inajulikana. Mutisya Munge, mzaliwa wa Wamunyu, upande wa Machakos unaoelekea Kitui, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Huko aliwaona wachongaji wa mpingo wakiwa kazini. Vita vilipomalizika alirudi nyumbani, akaanza kuchonga na kuuza. Jamaa na majirani wakaiga, na katika muda wa vizazi viwili ufundi huo ukawa riziki ya maelfu ya familia. Wachongaji wa Kikamba walienea hadi Nairobi, Malindi na Mombasa, ambako chama chao cha ushirika kilianzishwa Changamwe mwaka wa 1963.

Hata hivyo, biashara iliponoga, miti ilianza kupungua. Mpingo na muhugu ni miti inayokua polepole mno. Mjukuu huvuna alichokikuta babu. Wataalamu waliochunguza jambo hilo kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 walikadiria kwamba zaidi ya miti 50,000 ilikuwa ikikatwa nchini Kenya kila mwaka kwa ajili ya vinyago. Ndiyo sababu wachongaji walianza kuhimizwa watumie mwarobaini na miti mingine inayoota upesi.

Chuma hakina shida hiyo. Kila lori linalokwama kati ya Emali na Mtito Andei, kila pampu ya kisima inayokufa huko Mutomo, na kila plau inayovunjika katika shamba la Mwingi huongeza malighafi. Msitu huu haukatwi ukaisha. Kinyume chake, usipokatwa hugeuka kuwa kero ya kuchoma miguu ya watoto na kuhifadhi maji ya mbu.

WAHUNZI KABLA YA RELI

Wako watakaosema kwamba sanaa ya chuma ni ugeni, kwamba Mkamba ni wa mti. Waama, hao hawajasoma historia. Kabla ya reli kuja, wahunzi wa Ukambani walikuwa wakikusanya mchanga mweusi wenye chuma uliobaki kwenye mito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto ya ngozi. Kutoka humo walipata mikuki, visu na vichwa vya mishale.

Kisha kulikuwa na waya. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kwenda Mombasa na kurudi na bidhaa za pwani, zikiwemo nyaya za shaba. Mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui wa siku hizo, Kivoi Mwendwa, ndiye aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf, ambaye aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui mwaka wa 1849. Waya huo haukuvaliwa ulivyokuja. Mhunzi aliuvuta ukawa mwembamba zaidi, akausokota na kuutia vipete hadi ukawa mkufu laini uliosifiwa na majirani. Vigoda vya wazee navyo vilipambwa kwa waya uliopigiliwa ndani ya mti kwa mizunguko mizuri ajabu. Ukizuru majumba ya makumbusho utaviona.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899 baada ya kuikata Ukambani kutoka Mtito Andei. Pamoja nayo walikuja mafundi kutoka Bara Hindi, miongoni mwao Masingasinga waliojenga hekalu lao pale Makindu mwaka wa 1926, ambalo hadi leo huwalisha wasafiri bila malipo. Chuma cha kununua kikawa rahisi kuliko cha kuyeyusha, na ule mchanga mweusi ukaachwa mtoni. Lakini uhunzi haukufa. Ulihamia kwenye vyuma kuukuu: springi ya gari ikapigwa ikawa panga, msumari mkubwa ukawa kichwa cha mshale. Kwa hivyo kijana wa leo anayechomelea kanga kutokana na beleshi lililotoboka hajaanzisha jambo la kigeni. Ameokota kamba pale babu yake alipoiachia.

WALIOFUNGUA NJIA

Nchini Kenya huwezi kuzungumzia sanaa hii bila kumtaja Kioko Mwitiki. Ndiye aliyewafanya Wakenya wengi waamini kwamba ndovu wa ukubwa halisi anaweza kuundwa kutokana na vyuma vilivyotupwa, na kazi zake zimevuka bahari hadi Marekani. Kilichowashangaza watu si ukubwa tu. Ukimkaribia ndovu wa aina hiyo unaanza kutambua vipande: hapa nati, pale gurudumu lenye meno, kule bamba la pipa. Ukirudi nyuma hatua kumi, vipande vinatoweka na ndovu anabaki.

Mwingine ni Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984. Yeye amejulikana duniani kwa miwani mikubwa ya ajabu anayoiunda kwa nyaya, vijiko na mabaki mengine ya jijini. Amewahi pia kuunda sanamu kutokana na baiskeli za aina ya Black Mamba, zile nzito nyeusi zilizobeba maziwa, maji na wagonjwa vijijini kabla ya bodaboda kuzisukuma kando.

Nao wanafunzi wanaosomea sanaa watakumbuka jina la Picasso. Mwaka wa 1942, wakati Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, Pablo Picasso alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, na kikatokea kichwa cha fahali mwenye pembe. Vipande viwili tu! Funzo ni kwamba sanaa hii haipimwi kwa wingi wa vyuma bali kwa jicho lililoviona.

KAZI YENYEWE

Je, sanamu huundwaje? Kazi huanza kwa kupanga. Fundi mwenye busara hutenga vyuma vyake kwa umbo badala ya jina. Vilivyopinda huwekwa pamoja, vya duara pamoja, vyenye meno pamoja, vyembamba pamoja. Gololi za beringi ni macho. Plagi za injini ni vidole. Spana ni mfupa wa mguu. Spoki ni sharubu za chui. Mkasi mkubwa uliofunguliwa ni mdomo wa hondohondo.

Pili, huchora. Wengi hudharau hatua hii, ilhali ndiyo huokoa chuma na umeme. Michoro hufanywa kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa ule ule wa sanamu itakayoundwa, ili kila kipande kilazwe juu ya mchoro kabla ya kuunganishwa.

Tatu, huunda kiunzi. Mnyama wa chuma, kama alivyo wa nyama, huhitaji mifupa. Kiunzi cha nondo hubeba uzito wote, na ngozi huja baadaye. Hapa hesabu za shuleni zina kazi. Bamba la chuma la mita 1 kwa mita 1, lenye unene wa milimita 3, lina uzito wa kilo 23 na nusu hivi. Ukilifunika umbo la nyati kwa mabamba kama hayo, utahitaji winchi kumtoa karakanani. Ndiyo sababu wajuzi huacha mianya na kuliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuiziba.

Nne, husimamisha. Twiga ana shingo ndefu na miguu myembamba, na uzito wake ukitoka nje ya nafasi iliyo kati ya miguu ataanguka, tena huenda akamwangukia mtoto. Fundi humsimamisha kiunzi chake na kumsukuma kidogo kila upande kabla ya kuendelea. Akiyumba, hutanua miguu au hutia chuma kizito chini.

Tano, ndipo huchomelea kwa kudumu. Hadi hapo vipande vilikuwa vimeshikizwa kwa nukta tu, ili ikibidi kukigeuza kimoja visiharibike vingine.

Ugumu hujitokeza katika kuvijua vyuma, kwa maana si vyote vinavyopatana. Sumaku itakuambia haraka kipi ni cha jamii ya chuma na kipi ni alumini au shaba. Cheche nazo husema. Kisugue kipande kwenye jiwe la umeme: chuma laini hutoa cheche ndefu zenye mwanga wa manjano, na chuma cha kumiminwa katika kalibu, kama bloku ya injini, hutoa cheche fupi nyekundu. Hicho cha pili ni kigumu lakini hupasuka kama chungu kikichomelewa ovyo. Hutakiwa kupashwa moto kwanza, kutumiwa vijiti vyenye nikeli na kuachwa kipoe polepole. Wanaoanza ni heri wakifunge kwa bolti.

Mwisho ni kutu. Wapo wanaoipenda rangi yake ya udongo mwekundu wa Ukambani na kuiacha, wakiipaka tu vanishi iizuie isiendelee. Wengine huikwangua yote na kupaka rangi. Vyovyote vile, sanamu isiyopakwa kitu na kuachwa nje Mombasa, penye hewa ya chumvi, italiwa upesi kuliko ile iliyoachwa Kitui kwenye ukavu.

MOTO HUU SI WA KUCHEZEA

Mzazi, usisome sehemu hii kwa haraka. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za selisiasi, na ule mwale wa umeme unaochomelea huwa mkali kupita hapo mara kadhaa. Mwanga wake huchoma jicho bila mtu kuhisi papo hapo; maumivu huja usiku, kana kwamba macho yametiwa mchanga. Miwani ya jua haisaidii kitu. Kinachotakiwa ni kinga ya uso yenye kioo maalumu, na watoto wanaotazama wawekwe mbali au nyuma ya pazia zito.

Hatari ya pili haionekani. Mabati na mabomba mengi yamepakwa zinki, na zinki huchemka ikawa mvuke kwenye nyuzi 907, yaani kabla chuma chenyewe hakijayeyuka. Mvuke huo mweupe ukivutwa ndani huleta homa, baridi na kichefuchefu saa chache baadaye. Fundi mwangalifu huikwangua zinki kwanza na hufanyia kazi hiyo nje, upepo ukimtoka mgongoni kwa ubavu.

Hatari ya tatu huua mara moja. Kamwe usichomelee tangi la petroli, pipa lililobeba kemikali au mtungi wowote uliofungwa, hata kama unasema ni mtupu. Mvuke uliobaki unatosha kulipua karakana. Vyuma vya kuzuia mtikiso wa gari navyo vina mafuta na hewa iliyobanwa ndani. Vikipata moto hupasuka kama bomu.

Kijana anayetaka kujifunza asijifunze peke yake nyuma ya jikoni. Vyuo vya ufundi vilivyoko Kitui na Makueni hufundisha uchomeleaji, na huko atapata mkufunzi, vifaa na cheti. Usanii ataongeza mwenyewe. Naye mtoto mdogo ana njia yake isiyo na moto: koleo, waya mwembamba, vifuniko vya chupa, nati na bolti. Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi wanajua jinsi wanavyotumwa kutafuta vitu vilivyotupwa kwa masomo ya sanaa. Badala ya kununua vipya dukani, funguo zilizopoteza makufuli yake zinaweza kuwa manyoya ya kuku hodari.

KIMETOKA WAPI?

Sasa tulirudie lile swali. Mnamo Januari 11, 2022, umeme ulipotea karibu kote nchini baada ya minara inayobeba nyaya za nguvu nyingi kati ya Kiambere na Embakasi kuanguka. Serikali ililaumu uharibifu wa makusudi, na Januari 20 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kote nchini. Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo huo, chini ya masharti makali zaidi ya leseni.

Katika miezi hiyo, aliyetegemea vyuma kuukuu kwa riziki alijikuta katika kundi moja na mwizi wa nyaya za stima. Msanii aliyekuwa na rundo la vyuma uani, bila karatasi hata moja ya kuonyesha alikovipata, angejibu nini askari akibisha mlangoni? Kusema kwamba hiki ni kiboko kisichokamilika si ushahidi.

Si jambo jipya katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wanandi walikata waya wa simu wa serikali ya kikoloni wakaufanya mapambo, na kung'oa bolti za reli wakazifanya silaha. Hayo yalikuwa miongoni mwa visa Waingereza walivyovitaja walipowapelekea majeshi. Wanandi walikuwa wakipigania ardhi yao. Anayeng'oa kingo za chuma za barabara ya Mombasa leo hapigani na mkoloni. Anamwondolea dereva wa usiku kinga ya mwisho kabla ya korongo.

Sheria ya Vyuma Kuukuu ya mwaka 2015 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Kwa msanii, ushauri ni rahisi. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Gereji ikikupa vyuma bure, omba japo kipande cha karatasi chenye tarehe na saini. Usiguse kamwe kipande cha reli, nguzo ya umeme, alama ya barabara, kifuniko cha mtaro wala waya wa shaba usiojulikana ulikotoka, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyesema aibe.

KITI CHA BUNDUKI

Wala usidhani swali hilo ni la kumwogopesha msanii tu. Likijibiwa vyema, ndilo linaloipa sanamu thamani yake.

Tazama Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika huko mwaka wa 1992, nchi ilibaki imejaa silaha. Mwaka wa 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kuwapa watu majembe, cherehani na baiskeli ili wasalimishe bunduki. Bunduki zilikatwakatwa na vipande vikapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, aliunda kiti cha enzi mwaka wa 2001, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London. Hakuna bunduki hata moja katika kiti hicho iliyotengenezwa Afrika. Kingeundwa kwa mabomba ya maji kingekuwa kiti kizuri tu. Kwa kuwa kila mtu anajua vyuma vyake vilifanya nini, anayekitazama hunyamaza.

Karibu zaidi ni Uganda. Katika eneo la Pakwach, jirani na mbuga ya Murchison Falls, wawindaji haramu hutega wanyama kwa nyaya, nyingi zikiwa zimetolewa ndani ya magurudumu ya gari. Mradi uitwao Snares to Wares umewawezesha vijana wa huko kuzikunja nyaya za mitego zilizonaswa zikawa sanamu za twiga, simba na ndovu, na kuziuza. Waya uliokusudiwa kumnyonga twiga unakuwa twiga.

Sasa tazama ramani ya nyumbani. Kitui ya kusini imepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na Mtito Andei ni mlango wa Tsavo Magharibi. Kwa miaka mingi vikosi vya shirika la Sheldrick pamoja na askari wa Shirika la Wanyamapori nchini vimekuwa vikitembea katika vichaka vya Tsavo kung'oa mitego kama hiyo. Barabara ya lami sasa inaunganisha Kibwezi, Mutomo na Kitui. Mali ghafi iko, mikono iko, na watalii wanapita. Linalohitajika ni makubaliano rasmi ili nyaya hizo zitoke mikononi mwa serikali kwenda karakanani kwa njia iliyoandikwa, pasiwe na mtu wa kutega mtego ili auze waya wake kama sanaa.

NANI ATANUNUA?

Tusidanganyane, soko ni gumu. Msanii hununua chuma kwa bei ile ile ya kilo inayolipwa na viwanda vinavyokiyeyusha kuwa nondo za ujenzi. Ananunua pia vijiti, umeme na mawe ya kusagia. Sanamu kubwa inaweza kukaa miezi bila mteja huku karo ikidaiwa. Kwa sababu hiyo wengi huchanganya: milango na madirisha kwa ajili ya unga wa leo, sanamu kwa ajili ya jina la kesho. Si aibu hata kidogo. Lango lenye hondohondo wawili juu yake ni lango na ni sanaa, na jirani akiliona atataka lake.

Kazi ndogo husaidia pia. Kanga wa kiganjani, kishikio cha vitabu chenye umbo la kinyonga, au taa iliyoundwa kwa gia ya pikipiki huingia katika mkoba wa msafiri. Ndovu haingii. Na kwa kila kazi, kikaratasi kifupi kiambatishwe: hiki kilikuwa plau iliyolima Kathonzweni, hiki kilikuwa pampu ya kisima cha Ikutha, kimeundwa na fulani, mwaka fulani. Mteja anayeondoka na historia hiyo hatabishania bei kama anayenunua kilo.

Nawe msomaji wa mjini una sehemu yako. Ukipenda sanamu kando ya barabara, muulize aliyeiunda vyuma vyake vilikuwa nini zamani. Atafurahi kukueleza, na akishindwa kabisa kukujibu, utakuwa umejifunza jambo. Shule inayotaka nembo langoni ingeweza kumwita msanii aiunde kwa madawati yaliyovunjika ya shule hiyo hiyo, wanafunzi wakitazama kwa mbali. Hoteli zinazoagiza mapambo kutoka ng'ambo zingeweza kuulizia kwanza Wote, Makindu au Kitui mjini.

Na Jumamosi ijayo mwenye mkokoteni atakapopita mtaani kwako akiita vyuma kuukuu, mabetri mabovu, usimpe kila kitu mara moja. Mwite mtoto wako kwanza. Mwambie achague kipande kimoja kabla hakijawekwa kwenye mizani, akitazame kila upande, kisha akuambie ni mnyama gani.